Mbegu Hii Ulipewa na Nani

Kwa miaka mitatu niliwauliza wanawake wa Handeni na Korogwe swali moja: mbegu hii ulipewa na nani? Niliwauliza wakipalilia, wakimenya, wakinyonyesha. Mmoja nilimuuliza akiwa anapanda bodaboda, mguu mmoja tayari uko hewani, na akanijibu kabla pikipiki haijaondoka. Hakuna aliyeshindwa. Mwanamke anaweza kusahau mwaka aliozaliwa mtoto wake wa tatu, lakini ukimwonyesha shina la muhogo atakwambia limetoka kwa mama, au kwa shangazi, au kwa mke mwenza wa mama aliyekuwa na roho nzuri kuliko mama mwenyewe. Nililipenda swali hilo. Nililiuliza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba jibu haliwezi kumhusu.

Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya mimea. Nachukua kipande cha jani changa kisichozidi ukucha, nakitia kwenye kifuko chenye chembe za kunyonya unyevu, naandika jina la kijiji, napeleka maabara. Huko jani husagwa na ukoo wake ukasomwa. Ukisoma majani ya kutosha na ukayapanga juu ya ramani, unaona aina gani inaishi wapi, ilitokea wapi, na ni wapi imebaki peke yake, ambapo ikifa hapo imekufa duniani.

Wenzangu walidhani muhogo utakuwa umefuata barabara na magulio. Upande wa Korogwe ulikuwa mchanganyiko mtupu, kwa sababu kambi za mkonge zilileta watu kutoka kila pembe ya nchi na kila mmoja akaja na kipando chake. Mimi mwenyewe ni mjukuu wa manamba, nimezaliwa Kilole, na mihogo ya kwetu imechanganyika kama sisi. Lakini upande wa Handeni muhogo ulikuwa umefuata maharusi. Binti akiolewa, mama yake humfungia mzigo wa mashina kutoka shamba la nyumbani, na mzigo huo huenda naye kwa mume. Nikaanza kuchora mistari, kila ndoa mstari mmoja, na ramani nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Nilijivuna nayo kupita kiasi. Mgeni akiingia ofisini nilikuwa nasubiri aitazame, na asipoitazama nilimwonyesha.

Leo ramani ile bado iko ukutani, na mgeni akiingia namketisha akiipa mgongo.

Habari za bibi wa Sindeni, kijiji cha Handeni, nilizipata kwa binti zake kabla sijamwona mwenyewe. Nilikuwa nimekutana na watatu, kila mmoja kwenye kijiji alikoolewa, na kila mmoja alikuwa na muhogo wenye kikonyo chekundu na majani membamba ambao sikuwa nimeuona kwingine kokote. Waliuita Tulizamkwe. Unaiva upesi, unalainika, hauna uchungu hata ukiutafuna mbichi, na mke mgeni akiupika, mama mkwe hapati la kusema. Niliuliza swali langu, na wote watatu wakanielekeza Sindeni kwa mama yao.

Nilimkuta shambani, mwanamke wa miaka sabini hivi, mfupi, mkavu, kanga kiunoni, anang'oa muhogo kwa kuuzungusha kidogo kama anayefungua kifuniko. Nikamwamkia. Akaitikia, akasimama, akanitazama viatu.

"Karibu, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akaumenya mmoja kwa panga, akanikatia kipande. Ndani ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiini. Nikatafuna nikasahau nilichofuata. Baadaye nikamweleza kazi yangu, nikatoa kifuko, nikanyoosha mkono kwenye jani, naye akaushika mkono wangu kabla haujafika.

"Umekuja na nini?"

Nilikuwa na sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniombea dua. Kisha, niliponyoosha tena mkono kwenye jani, akaurudisha mahali pake.

"Sukari inapandwa?"

"Haipandwi, bibi."

"Hapa kitu cha kupandwa hakitoki bila mwenzake kuingia. Ndivyo alivyonilea mama yangu. Hata binti zangu wakija kuchukua mbegu wanakuja na kunde, wanakuja na mbaazi. Shamba likitolewa tu, linanuna."

"Lakini mimi nachukua jani tu. Kipande kama ukucha."

"Jani si la mmea?"

"Ni la mmea."

"Haya." Akainama akaendelea na kazi yake. Baada ya muda akauliza bila kuinuka, "Umeolewa?"

"Bado."

"Kwa hiyo mama yako hajakufungia mzigo."

"Hajanifungia."

"Mwambie akufungie. Uniletee mimi."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nilipanda pikipiki kurudi Korogwe nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa mtihani anaouweza.

Ningeweza kununua kunde dukani Chanika, pale Handeni mjini. Nusu kilo tu, zingetosha, na bibi angezipokea. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Kanuni za utafiti wetu zilikataza kuhamisha mashina mabichi kutoka eneo moja kwenda jingine, na si kwamba sikuzijua: mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwenye mikutano ya wakulima nimeshika bango, nawaambia akina mama wenye umri wa mama yangu wasibebe mashina ovyo, kwamba ugonjwa wa michirizi ya kahawia hausafiri mbali kwa miguu yake, unasafiri ndani ya mizigo yetu. Nilikuwa mkali. Niliwahi kumkemea mwanamke mmoja mbele ya watu kwa sababu alikuja mkutanoni na mashina aliyoahidiwa na dada yake. Akainamisha kichwa. Nakumbuka nilijisikia nimefanya kazi.

Mama yangu alikuwa jikoni nilipofika Kilole. Anamenya mihogo ya nyuma ya nyumba, kisu chake kimechongoka kwa kunolewa miaka mingi. Nikamsimulia habari za bibi kama kichekesho. Hakucheka.

"Na wewe ukaenda kwa mtu mzima na sukari?"

"Sukari ina ubaya gani?"

"Mkono mtupu haulambwi. Amekuomba mbegu, umempa sukari. Aibu hiyo yangu, si yako."

Alikuwa anaongea huku anakata. Alipofika penye doa la kahawia ndani ya muhogo alichonga, kisu kikaingia kikatoka, kipande kikaruka mlangoni na kuku wakakigombania. Akachonga kingine. Nimekua nikiitazama kazi hiyo. Kwetu muhogo ulikuwa na madoa kama kiazi kilivyo na macho; unachonga, unatupia kuku, unapika. Sikuwahi kula muhogo wa mama usiochongwa, na sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimesoma shule zote nilizosoma, nimetazama picha za doa lile kwenye vitabu na kwenye bango langu mwenyewe, na siku hiyo niliketi kwenye kigoda hatua tatu kutoka kwenye kisu, nikamwona kuku akikimbia nalo mdomoni, nikawa nawaza juu ya Tulizamkwe.

Alfajiri mama alikuwa ameshafunga mzigo. Alichagua mashina mazuri, marefu, yenye majani ya kijani juu, akayakata sawasawa, akayafunga kwa kamba ya mkonge mahali pawili, akayaviringisha kwenye kanga yake mpya. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Hakusema neno juu ya ndoa. Hakuwahi kusema. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na minane, na mzigo ule alikuwa amengoja kuufunga tangu nikiwa na ishirini. Niliutazama, nikatazama majani yake, nikaona ni mazima. Majani tu. Sikupasua shina hata moja. Nikaupokea.

Bibi alifurahi mpaka akawaita majirani. Alichimba mashimo pembeni mwa shamba lake, upande wa juu upepo unakotokea, akapanda pingili za mama yangu mstari mmoja. Kisha akafuta mikono, akanisogeza kwenye Tulizamkwe.

"Haya, chukua jani lako."

Nikachukua. Nilipolitikisa shina, inzi weupe wawili watatu wakaruka, wadogo kama unga, wakazunguka, wakatua pale pale chini ya jani. Hao wapo kila shamba, na wasipokuwa na cha kubeba hawana neno. Nikafunga kifuko changu.

Majibu ya maabara yalitoka miezi kadhaa baadaye. Tulizamkwe haukufanana na muhogo wowote tuliokuwa nao kwenye kumbukumbu, si wa Korogwe, si wa Handeni, si wa pwani. Ulikuwa tawi la peke yake. Nilimpigia bibi simu nikipiga kelele. Akaniuliza kama majibu hayo yanasaidia mvua. Nikamwambia hayasaidii, akasema basi hongera mwanangu. Kisha akaniambia pingili zangu zimeota vizuri sana, zimewapita wenzao kimo, na watu wanaziulizia.

"Wanaziitaje?" nikauliza, kwa sababu ya kazi.

"Mtaalamu," akasema.

Nilicheka kwa sauti. Niliandika jina hilo kwenye daftari langu na nikalipigia mstari. Nilimwambia mama pia, naye akaniambia ameshamsimulia jirani habari za mzigo ule, na jirani ameomba mbegu, na amemkatia.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilikuwa nawaza mambo mengine.

Mwaka ukapita na msimu mwingine juu yake. Safari hii bibi ndiye aliyepiga, akasema tu, njoo uone. Nilifika mchana. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mbele yake lundo la Tulizamkwe uliong'olewa asubuhi, na kwa mbali ulikuwa mzuri, mnene, ganda safi. Alichukua mmoja akaukata katikati, akaniinulia pande zote mbili. Ndani kulikuwa na kahawia kavu, mistari na mabaka, kama kuni iliyoliwa na moto ikazimwa. Akakata mwingine. Akakata mwingine. Hakuwa ananiuliza, alikuwa ananionyesha. Sauti ya panga ikiingia kwenye muhogo mzima naijua, na sauti ile haikuwa hiyo.

"Mingapi, bibi?"

"Yote niliyong'oa."

Nikaenda shambani peke yangu. Majani ya chini yalikuwa na manjano yasiyo na umbo, mtu angesema ni jua. Nilianzia upande wa chini, mbali, na kadiri nilivyopanda kuelekea kwenye mstari wa Mtaalamu ndivyo manjano yalivyozidi. Mtaalamu wenyewe ulikuwa umesimama wa kijani, mrefu, umeshiba. Ni muhogo unaojua kuishi na ugonjwa. Umeishi nao Kilole miaka yote, umeuficha kwenye mizizi, na mama yangu ameuchonga. Tulizamkwe haukuwahi kukutana nao.

Niliporudi, bibi alikuwa ameshapata sababu. Alikuwa na binti wa nne, ambaye sikuwahi kukutana naye, aliyeolewa upande wa pili wa Chanika. Hakufika kwenye arobaini ya baba yake, na tangu siku hiyo hawakusemeshana, hawakutembeleana, hawakupeana hata salamu ya simu.

"Kuna mtu ameninunia mpaka udongo umesikia," bibi akasema. "Namjua. Nimemzaa."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. Nikasema nitapima kwanza, kwa sababu kupima ni kazi yangu na kimya cha mtu anayepima hakiulizwi.

Nilipeleka kipande cha mzizi wa Sindeni. Na kwa kuwa sikuwa tena na pa kujificha ndani ya kichwa changu, nilipita Kilole nikachuma majani ya mama, nikayaandika namba tu bila jina. Virusi vya ugonjwa huo navyo vina ukoo, navyo vinasomeka. Nilikaa mbele ya kompyuta matawi yakijipanga, haya ya pwani, haya ya mtoni, haya ya kambi za mkonge, na pembeni kabisa, tawi moja lenye vijiti viwili vinavyokaribia kugusana. Kilole na Sindeni. Katikati yao hakukuwa na kijiji kingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

Niliandika kwenye taarifa: chanzo cha maambukizi hakijulikani. Maneno hayo yalikaa hivyo wiki nzima. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wiki hiyo nililala vizuri, jambo ambalo linanitisha kuliko mengine yote. Kilichonitoa hapo ni ramani. Nilikuwa nimekaa chini yake nakunywa chai, macho yakapanda, nikaona mistari yangu mizuri ikitoka Sindeni kwenda kwa binti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kutoka kwao kwenda kwa binti zao. Nilikuwa nimeichora kuonyesha njia ambayo Tulizamkwe ulipita. Njia ni ile ile. Kila niliyemchora pale, bibi alikuwa amempa na Mtaalamu.

Niliifuta sentensi ile. Nikaandika chanzo, nikaandika ni mimi, nikaituma kabla chai haijapoa.

Nilifika Sindeni siku iliyofuata. Sikukaa kwenye kiti alichonipa. Nikamwambia: bibi, si binti yako. Ni mzigo niliokuletea. Mihogo ya mama yangu inaumwa, imeumwa siku zote, na mimi nilitakiwa kujua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuinua sauti. Nilitamani ainue.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie kwa simu," akasema. "Nenda." Akaokota vumbi kwenye kanga yake. "Na lile jani ulilochukua. La Tulizamkwe. Unalo?"

"Ninalo."

"Lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima, bibi."

"Linaota?"

Lipo kwenye kifuko, kwenye droo, kavu kama jani la chai. Nusu yake ilisagwa. Najua kila kitu kuhusu ukoo wake.

"Halioti," nikasema.

Tulitumia siku tatu kung'oa na kuchoma shamba lote, wake za majirani wakitusaidia na wapita njia wakisimama kutazama. Nilikuwa nimeshaomba Tulizamkwe upelekwe kwenye maabara inayoweza kuotesha mmea usio na ugonjwa kutoka kwenye ncha changa ya ule unaoumwa. Nilijibiwa kwa adabu kwamba wanashughulikia aina zinazolimwa na wengi. Muhogo wa mwanamke mmoja na binti zake haukuwa kwenye orodha. Kwa hiyo tukabaki na jambo moja la kufanya, nalo bibi ndiye aliyelisema: tutafute shina zima kwa binti zake.

Tukaifuata ramani yangu, mimi na yeye, kwenye pikipiki moja, mimi naendesha, yeye nyuma yangu, panga limefungwa kwenye gunia. Kwa binti wa kwanza tulipasua shina, tukang'oa mzizi, kahawia. Kwa wa pili, kahawia. Kwa wa tatu Mtaalamu ulikuwa umejaa mpaka nyuma ya choo, na kati yake Tulizamkwe uliobaki ulikuwa umekonda. Binti huyo alianza kulia kabla hatujang'oa. Nilirudia maneno yale yale kwenye kila nyumba: ni mimi niliyeleta. Nilidhani yatazoeleka mdomoni. Hayakuzoeleka.

Kila tulikopita wingu lilikuwa linajikusanya upande wa milima. Vuli ilikuwa imekaribia, wanawake wanatifua, na bibi alikuwa na shamba tupu jeusi kwa majivu. Asiyepanda wiki hizo hatakuwa na bada, ugali wa muhogo, mwakani, wala kisamvu, wala makopa yaliyokaushwa ya kuweka darini.

Alibaki binti wa nne.

"Huyo sijampa Mtaalamu," bibi akasema tukiwa barabarani. Alisema polepole, na nilihisi mikono yake inaubana mgongo wangu. "Sijampa kitu tangu msiba."

Nilielewa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikatumaini. Kule kununiana kulikolaumiwa ndiko kungekuwa kumeuokoa muhogo. Nilitamani jambo lile liwe kweli kiasi kwamba nilianza kulipanga kichwani jinsi nitakavyoliandika.

Binti alitoka nje akatuona, akasimama. Bibi akashuka kwenye pikipiki kwa shida. Sikusikia walichoambiana, maana niligeuka nikajifanya naangalia mnyororo wa pikipiki, lakini kilikuwa kifupi, na baadaye nikasikia binti akisema, "Shikamoo mama," kwa sauti ya mtoto mdogo.

Tulizamkwe wake ulikuwa mbele ya nyumba, mashina kama kumi na tano. Majani safi mpaka chini. Bibi alichagua shina moja, akalizungusha, akang'oa, akakata. Mweupe. Akakata mwingine, mweupe mpaka kwenye kiini. Akanipa kipande nikatafuna, na machozi yakanitoka, na sikuona aibu. Binti alikuwa anacheka asijue kwa nini tunalia juu ya muhogo. Bibi akafungua gunia, akaanza kukata pingili, moja baada ya nyingine, anazipanga juu ya kanga.

"Mama, nami nina mpya," binti akasema. "Njooni muone. Nimepanda masika haya."

Alituongoza nyuma ya nyumba, hatua kumi hazifiki. Palikuwa na mstari mmoja, mrefu, wa kijani, umeshiba. Niliujua kabla sijaukaribia. Niligusa shina, na chini ya jani inzi weupe wakaruka, wachache, wadogo kama unga, upepo ukawabeba juu ya paa kuelekea mbele ya nyumba.

Sikutaka kuuliza. Lakini ni swali ambalo nimeliuliza miaka mitatu, likatoka lenyewe.

"Mbegu hii ulipewa na nani?"

"Jirani," akasema. "Yeye kaipata gulioni. Wanasema ni nzuri, kuna msomi mmoja wa Korogwe aliileta kwa mama. Nikasema, kama mama hanipi, nitaitafuta mwenyewe." Akanitazama vizuri, viatu, begi, kifuko mkononi. Uso ukamfunguka. "Kumbe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Niliukata Mtaalamu wote kwa mkono wangu, nikaung'oa, nikauchoma hapo hapo. Kipimo nilikichukua pia, nikijua majibu ni wiki kadhaa, na nikijua kwamba ugonjwa mchanga hujificha hata kwenye kipimo. Mizizi myeupe ya leo haisemi kitu kuhusu inzi waliotua mwezi uliopita. Yote haya nilimweleza bibi. Hakuwa ananisikiliza sana. Alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba, pingili za Tulizamkwe zimepangwa kwenye kanga, ncha za kamba ya mkonge mkononi, hajafunga. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye vumbi.

Tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Siku hiyo aliinua uso akaniita jina ambalo watu wameupa ule muhogo.

"Mtaalamu," akasema, "nichukue au nisichukue?"

Nilitazama pingili. Zilikuwa nzuri, zimekatwa sawasawa, nzima zote kwa nje.

"Sijui, bibi," nikamwambia.

Akaendelea kunitazama, kama vile nitaongeza kitu. Mvua ikaja. Binti yake akatuita tuingie ndani, akatuita mara ya pili, na bibi alikuwa bado amechuchumaa pale na ile kamba mkononi.